Siku Niliyosimama Katikati ya Kimya

Jumapili, mwezi wa saba. Shambani, Kitale, upande wa mlimani.

Mvua ilianza alfajiri na haina haraka ya kwisha. Mlima hauonekani. Moshi wa jiko umekataa kutoka nje, unazunguka tu humu ndani. Nafula yuko mapajani mwangu, daftari iko juu ya debe nililogeuza, na ninaandika kwa mkono mmoja. Herufi zangu zikienda upande nisamehewe. Nilisoma darasa la ubatizo na mwaka mmoja na nusu wa shule, basi.

Moyo wangu ni mbaya. Sitaficha, na nimfiche nani hapa?

Nafula ana miezi mitatu, na maziwa yangu yanakauka.

Nimeandika sasa. Wiki mbili nzima nimekuwa nikifungua daftari hii na kuandika habari za kuku, habari za mvua, habari za gauni la binti yangu Nasimiyu lililochanika kwa miiba, na neno hilo moja nalizunguka kama mtu anayezunguka nyoka njiani. Leo limeshatoka mdomoni mbele za watu, kwa hivyo daftari nayo ijue.

Anashika titi, ananyonya kidogo, anaachilia. Ananitazama. Zamani alikuwa analia hapo, tena kwa hasira, mpaka baba yake anacheka na kusema huyu atakuwa nyapara. Sasa halii sana. Hicho ndicho kinaniogopesha kuliko yote. Utosi wake umebonyea, nikipitisha kidole kinaingia. Mume wangu, baba Nasimiyu, anakamua ng'ombe wa bwana mkubwa mwenye shamba, akaomba chupa moja ya maziwa, tukachemsha, tukampa kwa kijiko. Aliharisha siku mbili. Hatukurudia.

Alhamisi niliomba ruhusa, nikapanda lori mpaka hospitali mjini. Dresa, yule msaidizi wa daktari, alimpima, akamgeuza, akamgusa utosi. Halafu akaniuliza mimi, "Mama, wewe unalala saa ngapi?"

Nikamwambia, nikimaliza kazi.

"Na unamaliza saa ngapi?"

Nikamfunga Nafula leso upya. Akasema kunywa uji, kunywa maji mengi, na kila siku, jua likiwa juu, lala chini na mtoto kifuani, utulie, usifanye kitu. "Mchana, mama. Si usiku tu. Maziwa hayapendi mtu anayekimbia."

Nikasema ndiyo, daktari. Nikashuka ngazi za hospitali nikiwa tayari nafikiria nguo nilizoacha kwenye maji.

Lala mchana! Alisema kama mtu anayesema chukua dawa hii.

Hebu nieleze siku yangu, labda nikiiona imeandikwa nitaielewa. Pale ofisini kwa karani wamening'iniza kipande cha chuma cha reli. Saa kumi na mbili asubuhi kinapigwa. Kabla hakijapigwa mimi nimeshateka maji, nimekoroga uji, nimemfunga Nafula mgongoni. Kikipigwa tunakwenda kwenye pareto. Msimu wa pareto ukifika, wake wa watu wanaokaa shambani lazima watoke, ndivyo baba Nasimiyu alivyowekea dole gumba kwenye mkataba. Maua ya pareto ni mepesi sana. Unachuma mpaka vidole vinawasha na mgongo unataka kukatika, ukitazama kikapu ni kama hujaanza. Jioni nyapara Barasa anapima, anaandika tiketi. Halafu kuni. Halafu kusonga unga wa posho. Halafu kufua.

Hiyo ni kazi ya kila mwanamke hapa, siwezi kulia juu yake peke yangu.

Lakini ungamo langu ni hili: hata kazi ikiisha, mimi natafuta nyingine. Akina mama wa kanisa walitaka kushonewa vitambaa vyeupe vya kichwa, nikasema nileteeni, na hakuna aliyekuwa amenitazama mimi. Nafagia uwanja uliofagiwa. Jirani yangu Mama Chemtai, ambaye ua wake na wangu ni mmoja, Jumatano alisimama na kikombe chake cha chai akinitazama, akasema, "Mama Nasimiyu, hiyo mchanga ilikukosea nini?"

Nilicheka. Nikaendelea kufagia.

Hata kuandika hapa naruhusu kwa sababu mkono unafanya kazi.

Kwetu Bumula, huko Bungoma, mwanamke akijifungua mama yake angefanya njia yoyote amsaidie. Mama yangu yuko hai, ana nguvu, angenichukulia mtoto, angeniwekea uji mbele na kunisimamia mpaka nimalize. Lakini kwetu mama hakai nyumba moja na mume wa binti yake. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini mwingine apite. Na nyumba yetu hapa ni hii moja, chumba kimoja, pazia la magunia katikati. Nilipomtumia habari kwamba mtoto hanenepi, alinitumia unga wa wimbi na simsim iliyosagwa na neno moja: ningekuja, mwanangu, lakini nitalala wapi, juu ya mti? Unga nimeupika wote. Nilisimama nikiupika, nikasimama nikiunywa.

Sasa leo.

Kanisa letu hapa shambani ni ghala la magunia. Bwana mkubwa alituruhusu siku za Jumapili. Tunaimba, Mwalimu Petro anasoma Neno, yeye siku nyingine ndiye anayepaka matrekta grisi, halafu tunakaa kimya. Sisi ni watu wa dini ya kukaa kimya. Ukiwa huna kitu unakaa. Aliyepewa neno na Mungu anasimama, anasema, anaketi, na hakuna anayemjibu, maana neno limepewa wote na kila mtu anakwenda nalo moyoni mwake. Tangu nibatizwe sijasimama hata mara moja. Mimi ni nani nisimame?

Mama Chemtai si wa dini yetu. Yeye ni mtu wa mlimani huko juu, mume wake hakurudi kutoka vitani, anakaa peke yake na kuku wake. Leo mvua ilimzidi njiani akaingia, akakaa karibu na mlango juu ya gunia, akikamua maji kwenye leso yake. Amezoea kututania. "Nyinyi watu wa Bungoma mnaomba na mdomo imefungwa. Mungu asikie nini?"

Kimya kikaanza. Mvua ilikuwa inapiga mabati kidogo kidogo.

Wengine wakifunga macho naona nyuso zao zinalegea. Mke wa Mwalimu Petro hufanana na mtu aliyewekwa kwenye maji ya uvuguvugu. Mimi nikifunga macho, kazi zote zinakuja na kupanga mstari. Vitambaa sita bado. Kuni zimelowa. Nasimiyu ana funza kidoleni. Posho inakwisha Jumanne. Nazishukuru kazi hizo zikija. Nazipokea moja moja kama wageni, maana najua nani amesimama nyuma yao. Zikiisha zote ataingia yeye.

Leo ziliisha. Sijui kwa nini. Labda ni kwa kuchoka. Nilihesabu kazi zangu mpaka ya mwisho na kimya bado kilikuwa kinaendelea, na Nafula alikuwa mwepesi mikononi mwangu, mwepesi kama kikapu cha pareto asubuhi, na nikaanza kuona ule ukuta wa ghala la mahindi la Bumula na kivuli chake.

Hapo nikasikia chuma kinapigwa.

Nikasimama. Miguu yangu ilisimama yenyewe, kama inavyosimama kila asubuhi. Nikamweka mtoto vizuri begani, nikageuka niende.

Hakuna mwingine aliyesimama.

Jumapili chuma hakipigwi. Hakikupigwa. Kilipigwa ndani ya kichwa changu peke yangu. Na mimi nilikuwa nimesimama katikati ya kimya, watu wote wamefungua macho na kunigeukia, taratibu, kwa heshima, jinsi tunavyomgeukia mtu aliyepewa neno.

Wakangoja.

Nilitaka kuketi. Kwetu mtu hasimami na kuketi bila neno, ni kama kumdanganya Mungu mbele za watu. Nilimtazama baba Nasimiyu upande wa wanaume. Alikuwa ameshangaa, mdomo wazi. Nikafungua mdomo nikidhani nitasema mstari wowote wa Biblia, hata mfupi, na kilichotoka ni, "Maziwa yangu yamekauka."

Si neno la kusema mbele ya wanaume. Nilisikia mwanamke mmoja akivuta pumzi. Lakini mlango ukishafunguka kwa upepo huwezi kuurudisha kwa mkono mmoja, na mkono mwingine una mtoto. Nikasema yote.

Nikasema dresa ameniambia nilale mchana, na mimi siwezi. Nikasema nilikuwa na mtoto kabla ya Nafula, Wafula, wakati tunakaa kwa wazazi wa mume wangu huko Bumula. Alikuwa na miezi mitano. Siku hiyo nilikuwa nimepalilia tangu asubuhi, jua kali, nikalala naye kwenye kivuli cha ghala. Kidogo tu, nikasema. Nilipoamka kivuli kilikuwa kimehama na mtoto alikuwa baridi.

Watu walisema homa. Mama mkwe alisema homa. Kila aliyeniuliza nilimwambia homa, na pengine ni kweli ilikuwa homa, alikuwa na joto usiku wa jana yake. Lakini mimi nilikuwa nimelala. Kama alilia, sikusikia. Kama alinitafuta, hakunipata. Hiyo ni miaka minne. Tangu siku hiyo mgongo wangu haujagusa mkeka jua likiwa juu.

Nikasema, "Mungu anaita watu wakae kimya naye. Mimi nikikaa, namkuta Wafula. Kwa hivyo nakimbia. Sasa huyu naye anakwisha kwa sababu nakimbia, na nikilala pia naogopa atakwisha. Sijui nifanye nini. Sijui."

Nikaketi.

Na hakuna aliyenijibu.

Najua desturi yetu. Nimeishi nayo miaka yote. Lakini Mungu anisamehe, kimya kile kilikuwa kirefu kuliko mimba. Kila mtu aliinamisha kichwa. Mvua, mabati, mtu anakohoa. Nilifikiri: wamenihukumu. Wote sasa wanajua mimi ni mama aliyelala. Nilimfunika Nafula uso kwa leso nisimdondoshee machozi.

Ndipo Mama Chemtai, kule mlangoni, akasema kwa sauti ya kuita ng'ombe, "Sasa hakuna mtu atajibu huyu mtoto?"

Mwalimu Petro alifungua jicho moja. "Mama, tuko kwa kimya."

"Hata mimi naona. Nauliza, mmekufa?"

Mwanamke mmoja akacheka, akaziba mdomo, halafu kicheko chake kikageuka kulia. Mama Chemtai alikuwa ameshainuka, anapita kati ya magunia na miguu yake yenye matope, mpaka kwangu. Alifunua ile leso, akamtazama Nafula muda mrefu, akambonyeza shavu.

"Huyu bado yuko," akasema. "Mama yako iko wapi?"

Nikamwambia Bumula. Nikamwambia kwa nini hawezi kuja.

"Ati kwa sababu ya mkwe?" Akamtafuta baba Nasimiyu kwa macho upande wa wanaume, akamwonyesha kwa kidole, mbele ya kanisa zima. "Kwa sababu ya huyu? Mama yako atalala kwangu. Mimi si mkwe yake. Bwana yako akitaka kupita kwa ua, apige kikohozi, mama aingie ndani kwa kuku."

Ghala lote likacheka, hata wanaume. Baba Nasimiyu alicheka huku anajipangusa macho na mkono wa koti.

Miaka miwili ua wetu ni mmoja, na mimi sikuwahi kufikiri jambo hilo. Nilikuwa nimeona nyumba yangu tu, na pazia langu la magunia. Mke wa Mwalimu Petro alisema lori la magunia linakwenda Bungoma Jumanne, na Mwalimu ataandika barua leo leo. Baadaye, nje, chini ya paa, alivichukua vile vitambaa sita. Hakuniuliza. Aliingiza mkono ndani ya kikapu changu akavitoa, akaondoka navyo kwenye mvua.

Tulirudi nyumbani, baba Nasimiyu akiwa amemweka Nafula ndani ya koti lake. Sijawahi kumwona akibeba mtoto mchana barabarani, wanaume wengine wakitazama. Tulipofika kwenye daraja la magogo alisimama. Akasema, "Mimi nilijua ulikuwa umelala siku ile. Mama yangu aliniambia jioni hiyo hiyo."

Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kusema.

"Ningesema nini? Mtu alikuwa amechoka, akalala."

Halafu akaendelea kutembea. Ni mtu wa maneno machache. Miaka minne nimekuwa nikificha kitu ambacho yeye alikuwa amekiweka chini siku ya kwanza. Sijui kama nifurahi au nimkasirikie. Nitajua siku nyingine. Sasa hivi amekwenda kukamua, maana ng'ombe hawajui Jumapili.

Nisijidanganye lakini. Hakuna kilichopona. Barua itaondoka Jumanne, mama atafika siku gani? Alhamisi? Ijumaa? Kama mito haijajaa. Nafula hana siku nyingi za kupoteza, naona kwa macho yangu. Na kesho chuma kitapigwa, safari hii kitapigwa kweli, na mimi nikibaki nyumbani nyapara Barasa atauliza. Mwalimu Petro amesema atamwona. Barasa hakuwepo kanisani, hakusikia kitu, na Barasa akiamka vibaya hamsikilizi mtu. Tunaweza kuambiwa tufungashe. Tukifukuzwa hapa tutakwenda kwenye vibanda vya Kipsongo, mjini, kukaa kwa nani?

Naandika haya na miguu yangu inataka kusimama. Kweli. Naona sufuria chafu pale na mwili wangu wote unaelekea huko.

Nimekuwa nikidhani kwamba kutulia ni kitu wanachopewa watu wema, kama mke wa Mwalimu, na kwamba mimi nimenyimwa kwa sababu ya nilichofanya. Leo sijui tena. Nilisimama bila neno lolote kutoka kwa Mungu, nimeitwa na chuma kisichopigwa, na bado watu waliningoja niseme. Inawezekana Yeye naye alikuwa ananingoja tu? Miaka minne yote, na mimi nafagia?

Sina elimu ya kujibu hilo.

Mama Chemtai amekuja sasa hivi. Hakubisha hodi. Amekaa mlangoni, amenyoosha miguu, ana sinia ya mahindi anapukuchua. Nasimiyu amemlalia begani. Nimemwambia karibu chai, amesema chai anaijua njia yake. Nimemwambia nitalala baadaye kidogo, nioshe sufuria kwanza.

"Wacha sufuria."

Nikamwambia naogopa, Mama Chemtai. Nikifunga macho, nani atamwangalia?

Akasema, "Wewe funga. Mimi nitaangalia yeye akipumua. Hii ndio kazi yangu leo, mahindi ni ya mkono tu. Akiacha kupumua kidogo, nakupiga kofi unaamka. Najua kupiga kofi."

Nimetandika mkeka. Niliukunja mara mbili kabla ya kuutandika, naandika hivyo kwa sababu Mama Chemtai hajui kusoma na hatanicheka. Nafula ameshika titi. Ananyonya, anaachilia, anashika tena. Mvua bado. Ni saa tisa mchana, na jua, ingawa silioni, liko juu.

Ee Mungu, mimi ndiye yule aliyesimama leo. Sina neno. Nakuja na mtoto wangu, na yule mwingine pia, ukimwona.

Mama Chemtai anasema, weka hiyo kalamu.

Naiweka.